Mfalme Aliyeshindwa Ndiye Anayengojewa

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi, Masasi, kabla ya mlo wa Onam

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi mliokatisha kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi, habari za mchana.

Harufu inayotoka jikoni mnaisikia wote, kwa hiyo najua muda niliopewa ni mfupi. Mwalimu wetu wa fizikia, dada yetu aliyetoka Kerala, yuko kule nyuma tangu saa kumi za alfajiri pamoja na vijana wa kidato cha tatu. Aliniomba jambo moja: kabla watu hawajaketi, waambie wanakula nini na kwa nini. Alinichagua mimi kwa sababu niliishi kwao miaka miwili nilipokuwa nasoma Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala, na huko nikala Onam, sikukuu yao kubwa, mara mbili, mwaka 2017 na mwaka 2018. Onam hizo mbili hazikufanana hata kidogo, na nitazisimulia zote.

Tuanze na wenyewe. Kerala ni ukanda mwembamba wa nchi kusini magharibi mwa India, bahari upande mmoja, milima upande wa pili. Jimbo hilo liliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuwaunganisha watu wanaosema Kimalayalam, na hao ndio Wamalayali. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 33: zaidi kidogo ya nusu ni Wahindu, zaidi ya robo ni Waislamu, na karibu mmoja katika kila watano ni Mkristo. Nayasema haya mapema kwa sababu atakayesikia hadithi ya Onam atadhani ni sikukuu ya dini moja. Hadithi ni ya Kihindu, kweli. Sikukuu wameifanya ya wote. Nyumba iliyonialika mwaka 2017 ilikuwa ya Wahindu. Jirani yao alikuwa Mkristo, na zulia lake la maua lilikuwa kubwa kuliko letu. Watoto wa kwetu walikwenda kulipima kwa hatua, wakarudi wamenuna.

Kusi hili linalotuvumia sasa ndilo linalovuka bahari na kuwapelekea wenzetu mvua. Huanza kuwanyeshea karibu na tarehe 1 Juni. Ukifika mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti, mvua haikatiki. Zamani huo ulikuwa mwezi wa njaa: shambani hapaendeki, baharini hapaendeki, na mpunga wa akiba umebaki vumbi chini ya ghala. Halafu unaingia Chingam, mwezi wa kwanza wa kalenda yao. Jua linatoka, majani yameoshwa yanang'aa, mpunga unavunwa. Hapo ndipo Onam inapokuja. Ni siku kumi zinazohesabiwa kwa nyota, ya kwanza inaitwa Atham, na ile kubwa ya mwisho ni Thiruvonam.

Sasa hadithi yenyewe. Mimi si Mhindu, nawasimulia kama nilivyosimuliwa.

Hapo kale nchi ile ilitawaliwa na mfalme aitwaye Mahabali. Watu wake walimwita Maveli. Alikuwa wa ukoo wa asura, majitu ambayo katika hadithi za Kihindu hayaishi kupigana na miungu. Lakini huyu alitawala kwa haki mpaka sifa zake zikafika mbinguni, na miungu wakaanza kuhofia enzi yao. Wakamwendea Vishnu, mmoja wa miungu wakuu. Vishnu akashuka duniani kwa umbo la Vamana, kijana mfupi wa Kibrahmini, tabaka la makuhani, mwenye mwavuli wa majani mkononi, akamwendea mfalme siku aliyokuwa akigawa sadaka. Akaulizwa haja yake. Akasema, nataka ardhi ya hatua zangu tatu. Watu wakacheka. Shukra, mwalimu wa mfalme, hakucheka. Alikuwa amemtambua mgeni, akamnong'oneza bwana wake asitoe. Mahabali akajibu kwamba amekwisha kutamka. Sisi husema ahadi ni deni, na sijapata kusikia hadithi inayoipa ahadi uzito kama hii. Yule kijana akaanza kukua. Hatua yake ya kwanza ikaimaliza dunia. Ya pili ikazimaliza mbingu. Akauliza, ya tatu niiweke wapi? Mfalme akapiga magoti, akainamisha kichwa, akasema, hapa.

Unyayo ukamsukuma mpaka chini ya ardhi. Kabla hajazama aliomba kitu kimoja, aruhusiwe kurudi mara moja kwa mwaka awaone watu wake. Akakubaliwa. Siku ya kurudi kwake ndiyo Thiruvonam.

Nilipomaliza kusimuliwa nilimuuliza bibi wa ile nyumba, sasa Onam mnamshangilia nani, Vamana au Mahabali? Akanitazama kama nimemuuliza mama yake ni yupi. Vamana ana hekalu lake mahali paitwapo Thrikkakara, karibu na Kochi, na wanamwabudu pasipo kinyongo chochote. Lakini anayefagiliwa njia, anayetandikiwa maua mlangoni, anayepikiwa, ni yule aliyeshindwa. Nimeishi na jambo hilo moyoni miaka yote hii, na ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kerala nzima inaponea kwa mgeni mmoja. Wanataka Maveli akija akute watu wake wana neema, kwa sababu akiwakuta na njaa atarudi chini na uchungu. Kwa hiyo nyumba inapakwa rangi hata kama fedha ni ya kukopa. Kila mtu anapata nguo mpya, nyingi zikiwa zile nyeupe za rangi ya maziwa zenye ukingo wa dhahabu. Wana na methali yao: *kanam vittum Onam unnanam*, yaani uza hata shamba, lakini Onam ule. Mtu wa mbali anaweza kuwaona wabadhirifu. Mimi nawaona ni watu waliokubaliana, nchi nzima, kumficha mgeni wao shida zao kwa siku moja.

Na shida zilikuwapo. Upo wimbo wa kale ambao kila mtoto wa Kimalayali anaujua. Unasema enzi ya Maveli watu wote walikuwa sawa, hapakuwa na uongo wala hila, na hapakuwa na vibaba vya kupunja. Vibaba vya kupunja! Hapa Masasi, kwa watu wanaoijua kangomba, kile kipimo cha kumpunja mkulima wa korosho, sina haja ya kueleza zaidi. Nilipotafsiriwa mstari huo nilimwona baba yangu amesimama na magunia yake mbele ya mnunuzi.

Tujiulize ni nani waliokuwa wakiuimba. Wengi wao walikuwa watu wa tabaka za chini ambao hawakuruhusiwa hata kupita barabara zinazozunguka hekalu. Mwaka 1924 mpaka 1925, mji wa Vaikom, watu waliandamana na kufungwa wakidai kupita barabarani tu, hata kuingia hekaluni bado. Milki ya Travancore, kusini mwa Kerala ya leo, ilifungua mahekalu yake kwa Wahindu wa tabaka zote tarehe 12 Novemba 1936. Mkulima aliyelima ardhi ya mwinyi alipaswa wakati wa Onam kumpelekea mkungu wa ndizi ulio bora kuliko yote shambani, naye akapewa kipande cha nguo. Umwinyi huo wa ardhi ulikomeshwa kisheria tarehe 1 Januari 1970. Kwa hiyo mtu aliyeimba kwamba zamani watu wote walikuwa sawa alikuwa anajua vizuri sana anaimba mbele ya nani. Ndiyo maana siwezi kuiita Onam sikukuu ya mavuno tu, kama wanavyoiandika watalii.

Niwapeleke kwenye maua.

Alfajiri ya Atham watoto waliniamsha kabla jua halijachomoza, wakanipa kikapu. Tulikwenda vichakani nyuma ya nyumba, umande umejaa, tukitafuta kiua kimoja kiitwacho thumba. Ni gugu. Linaota popote, na ua lake ni jeupe, dogo kama punje ya wali. Wanasema ndilo ua alilolipenda Maveli kuliko yote. Mbele ya mlango mama wa nyumba alikuwa amesiriba kiduara cha ardhi kwa kinyesi cha ng'ombe, laini kama sakafu. Bibi akaketi kwenye ngazi, kikapu mapajani, akaanza kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Alichukua kiua kimoja, akakitenga na jani lake, akakiweka. Kimoja tena, akakiweka. Niliona aibu ya haraka yangu, mimi niliyekuwa nimevinyofoa viganja kwa viganja. Duara la siku ile halikuzidi upana wa sinia. Kesho yake likazungushiwa pete nyingine, keshokutwa nyingine, zikaingia haibiskasi nyekundu na maua ya manjano na ya bluu, mpaka siku ya kumi zulia likawa limekula uwanja wote na sisi tunaingia ndani kwa mlango wa jikoni. Hilo zulia ndilo pookalam. Katikati yake husimamishwa minara midogo ya udongo yenye pande nne, iliyochongoka juu, imechorwa kwa uji wa unga wa mchele. Mgeni amefika.

Mjini mambo yamebadilika. Maua mengi, hasa marigoldi, huletwa kwa malori kutoka Tamil Nadu na Karnataka na kuuzwa kwa kilo. Ofisi, vyuo, benki, kila mahali yanatandikwa mapambo makubwa ya kushindania zawadi. Yanapendeza, sikatai. Lakini moyo wangu umebaki pale ngazini kwa bibi.

Siku moja kabla ya Thiruvonam inaitwa Uthradam, na mbio za siku hiyo zina jina lake kabisa kwa Kimalayalam. Nilitumwa soko la Chalai. Huwezi kutembea, unabebwa na watu. Mikungu ya ndizi za nendran, zile zinazofanana na mkono wa tembo wetu, imening'inizwa kama mapazia. Nilirudi na mkungu begani, shati limelowa utomvu ambao haukutoka mpaka leo.

Jikoni nikakuta kitu kikanisimamisha mlangoni. Kigoda kifupi cha mbao, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi! Wao wanaiita chirava. Nikaketi nikaanza kukuna nazi, na jiko lote likanyamaza: mgeni, mwanamume, tena kutoka Afrika, anakuna nazi na hajafundishwa. Yule mama, ambaye wote tulimwita Amma, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniletea nazi nyingine sita. Kuanzia saa ile sikuwa mgeni. Akaniita *mone*, mwanangu. Nikaona wanakamua tui kama bibi zetu: tui la kwanza, tui la pili, la tatu. Jepesi linapikiwa, zito linatiwa mwisho chungu kikiwa kimekwisha kuiva, lisije likakatika. Nilitamani mama yangu angekuwapo wazungumze, maana kwa jambo hilo wasingehitaji mkalimani.

Mlo wenyewe unaitwa sadya, na leo mtaula hapa. Unaandaliwa kwenye jani la mgomba, watu wamekaa chini kwa mstari. Ncha nyembamba ya jani inakaa kushoto kwa mlaji. Wagawaji wanapita mmoja baada ya mwingine, wameinama na ndoo ndogo mkononi, na kila kitu kina mahali pake kwenye jani. Ukingo wa juu kushoto zinawekwa chipsi za ndizi mbichi, na nyingine zilizopakwa sukari guru na tangawizi. Zinafuata achari, ya embe, ya ndimu, na moja ya tangawizi na ukwaju ambayo ningeila peke yake na wali nikashiba. Halafu mboga: iliyokatwakatwa ndogo na kukaangwa na nazi, avial, yaani mboga za aina nyingi pamoja, na maganda ya mlonge humo ndani, nazi, mtindi na majani ya mchuzi, na olan, yaani boga jeupe na kunde katika tui, haina hata punje ya manjano, tamu kwa upole wake. Wali wao ni wa mchele mnene wenye wekundu. Juu yake inamiminwa dengu na samli, unavunja pappadam, kile kichapati chembamba cha choroko nyeusi kinachofura kwenye mafuta, unachanganya kwa vidole. Inafuata sambar, mchuzi wa dengu na mboga. Inafuata rasam, mchuzi mwembamba wa ukwaju na pilipili manga unaokuamsha ukoo mzima. Katikati ya hayo yote inakuja payasam, uji mtamu wa karamu.

Payasam niliyoila 2017 ilikuwa ada pradhaman. Vipande vyembamba vya unga wa mchele, sukari guru, matui matatu, iliki, na juu korosho zilizokaangwa kwa samli. Inamiminwa palepale kwenye jani na unaikimbiza kwa mkono isitoroke. Karamu kamili huwa na vyakula ishirini na zaidi. Dada yetu leo amepika kumi na kimoja, na kwa moto wa kuni za shule hiyo si kazi ndogo. Sadya haina nyama wala samaki, ingawa kaskazini, upande wa Kannur na Kozhikode, si ajabu kukuta kuku au samaki siku ya Onam.

Naomba nisimame kwenye zile korosho, maana niko Masasi.

Nilipokuwa naitafuna ile payasam nilimwambia baba wa nyumba kwamba kwetu sisi ni wakulima wa korosho. Akauliza ni wapi. Nikasema Mtwara, Tanzania. Akaweka mkono chini. Alikuwa amekulia Kollam, mji ulio kilomita kama 65 kaskazini ya pale tulipoketi, na Kollam ndio mji wa viwanda vya kubangulia korosho. Korosho za Kerala peke yake haziwatoshi, kwa hiyo kwa miaka mingi wamenunua korosho ghafi kutoka Afrika, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mama yake alikuwa mbanguaji. Baba huyo alikua akisikia majina ya bandari zetu kabla hajajua ziko wapi kwenye ramani. Akanieleza kwamba wanawake wa viwanda vile huisubiri Onam kwa sababu nyingine pia: ndipo wanapolipwa bonasi yao ya mwaka, na majadiliano ya bonasi hiyo kati ya vyama vya wafanyakazi na wenye viwanda huwa habari ya magazetini. Bonasi ikichelewa, jani la mgomba linakuwa tupu.

Wakulima wenzangu, fikirini hilo. Gunia linatoka kwenye chama cha msingi hapa, linapanda meli, linafika mikononi mwa mama ambaye vidole vyake vimeungua kwa mafuta ya ganda, na kutoka kwake linaingia kwenye payasam ya mfalme. Ndugu hao wawili, mkulima na mbanguaji, hawajapata kuonana. Na inaniuma kwamba tumeendelea kupeleka ghafi miaka yote hiyo, ubanguaji na ujira wake tukawaachia wengine, lakini kwa yule mama wa Kollam sina ugomvi hata chembe. Jioni ile nilimpigia baba yangu simu nikamwambia tumekula korosho za nyumbani. Akauliza bei.

Kwa Kimalayalam cha kale korosho huitwa *parangi andi*, kokwa ya Mreno. Mreno aliitoa Brazili akaipanda kwao, akaipanda na kwetu.

Michezo ya Onam nitaipitia haraka, chakula kisipoe. Wasichana wanacheza duara wakipiga makofi kuizunguka taa ya shaba. Kamba za bembea zinafungwa kwenye miembe. Mjini Thrissur, siku ya nne ukianza kuhesabu Thiruvonam yenyewe, wanaume wenye vitambi wananyolewa, wanapakwa rangi tangu alfajiri mpaka kitambi kinakuwa uso wa chui, halafu wanaingia mjini na ngoma, na tangu mwaka 2016 wamo na wanawake. Kisha mashua. Sisi watu wa pwani tungependa mashua zao: chombo kirefu kama nyoka, tezi limenyanyuka juu, makasia mia hivi yanapiga maji kwa wimbo mmoja. Za Alappuzha ndizo zenye sifa, kwa kikombe kilichotokana na ziara ya Nehru, waziri mkuu wa India wakati ule, ya mwaka 1952. Mimi nilizipenda za Aranmula, mto Pamba, kwa sababu ya simulizi yake: kila mwaka mashua moja hubeba usiku mchele na mahitaji ya karamu ya hekalu, zamani ikavamiwa njiani, na tangu hapo mashua za vijiji husindikiza. Wanalinda chakula cha watu.

Na Wamalayali walioko Oman, Dubai na Doha huifanya Onam wikiendi hata baada ya wiki nyingi kupita, kikundi baada ya kikundi. Wenye ndugu Muscat watakuwa wameziona picha.

Sasa ya pili. Mwaka 2018.

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka na Karkidakam. Tarehe 15 Agosti tuliamka mito imepanda, mabwawa yamefunguliwa kwa sababu hayabebi tena, na saa kwa saa majina ya miji yakawa yanaingia kwenye orodha: Aluva, Chengannur, Ranni. Watu zaidi ya 400 walikufa. Zaidi ya milioni moja waliingia kambini. Zilikuwa zimebaki siku kumi kufika Thiruvonam, ndiyo kwanza Atham. Serikali ya jimbo ikafuta sherehe zake zote, fedha zikapelekwa kwenye maafa. Chuoni kwetu tulifunga mizigo mchana na usiku, mchele, dawa, blanketi, sabuni.

Waliookoa watu wengi mno walikuwa wavuvi. Hawakuagizwa. Walipakia mashua zao kwenye malori, wakasafiri usiku kutoka pwani mpaka kwenye miji ambayo haijawahi kuona mashua ya bahari, wakazishusha kwenye barabara za lami zilizogeuka mito. Kama mnavyojua hadhi ya mvuvi popote duniani, hawa walikuwa watu ambao baadhi ya nyumba walizoziokoa zisingewakaribisha ndani mwezi uliotangulia. Mmoja wao, huko wilaya ya Malappuram, alikuta wanawake hawawezi kupanda boti kwa sababu ya kimo chake. Akapiga magoti majini, akainama mpaka uso ukagusa maji, akawaambia wakanyage mgongo wake. Wakapanda mmoja mmoja. Mtu alichukua video, ikaonekana nchi nzima. Nilikuwa nimeketi juu ya magunia ya mchele nilipoiona, na pembeni yangu kijana mmoja wa Kimalayali akasema neno moja tu: Maveli.

Tarehe 25 Agosti, siku ya Thiruvonam, nilisindikiza lori mpaka shule moja ya Alappuzha iliyokuwa kambi ya watu wa Kuttanad. Kuttanad ni nchi ya mpunga iliyo chini ya usawa wa bahari. Maji yalipoingia walihamishwa karibu wote. Barazani watoto walikuwa wametengeneza pookalam. Hawakuwa na thumba. Walitumia maua ya haibiskasi ya uwanja wa shule, majani mabichi yaliyokatwakatwa, na chaki iliyosagwa badala ya ule weupe. Jikoni walipika pamoja Wahindu, Waislamu na Wakristo, kwa masufuria ya msikiti na ya kanisa. Majani yakatandikwa sakafuni darasani. Wali, sambar, mboga moja, pappadam moja kwa kila mtu, na payasam kidogo.

Niliketi kando ya mzee mmoja mkulima. Nyumba yake ilikuwa bado na maji mpaka dirishani, na mpunga wake wote umeoza. Mwaka ule hakuna aliyeweza kumficha mfalme chochote. Mzee akala taratibu, akamaliza, akasema, "Leo Maveli itabidi aje kwa boti." Kisha akalishika jani lake kwa ukingo wa juu, akalikunja kuelekea kwake.

Hilo la kukunja sijawaeleza. Ukimaliza kula sadya unalikunja jani kuja upande wako. Ni kumwambia aliyekupikia kwamba umeshiba, umeridhika, na ungependa kurudi kula tena. Mzee yule alilikunja kwa mikono miwili, akalisawazisha, akanyanyuka kwenda kusaidia kugawa kwa mstari wa pili.

Namwona dada yetu mlangoni ananipungia mkono, wali umeiva. Wanafunzi, kwanza wazee. Mkalie mikeka, jani mbele yenu, ncha nyembamba kushoto, na msianze mpaka mstari mzima umegawiwa. Wageni wa Onam hupokelewa kwa ukelele, tuujaribu. Mimi nitasema *aarppo*, nanyi mtaitikia *irro, irro, irro*, kwa nguvu, asikie hata aliye jikoni.

Aarppo!